Sura ya kompyuta, roho ya kompyuta

Haya wasomaji wangu, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu rangi. Si rangi za vyama, la hasha! Rangi za kwenye kioo cha kompyuta.

Najua wapo watakaosema huu ni utoto. Kwamba mtu mzima mwenye kazi zake hana muda wa kuhangaika na picha ya nyuma, ikoni na rangi ya ule mkanda wa chini. Mimi naona jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, na nitakueleza kwa kutumia steshenari mbili, moja ya Kibaha na nyingine ya Kisarawe.

Ya Kibaha ilikuwa ya shangazi yangu, pale Maili Moja. Nazungumzia mwaka 2008, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Kompyuta ilikuwa moja tu, inatumia Windows XP, ile iliyotoka mwaka 2001 na vilima vya kijani chini ya anga la buluu. Kama hukujua, picha ile ni ya kweli kabisa. Aliipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996. XP ilikuja na mkanda wa buluu na kitufe cha Start cha kijani. Kama hukupenda buluu, ulichagua rangi ya fedha au ya zeituni. Na kama yote hayo hukuyapenda, ulirudisha ule muonekano wa kijivu wa Windows za miaka ya tisini.

Shangazi alikuwa na kijivu. Fundi alimwambia mapambo yanakula memori, na mashine yenyewe ilikuwa nzito. Basi mapambo yakaondolewa, na vile vilima vikapisha picha yetu sisi watoto tukiwa na sare za shule. Ukiitazama kompyuta ile ungesema ni ya zamani, lakini ndani ilikuwa XP kamili. Sura moja, roho nyingine, na kazi zilikwenda.

Shangazi hakuwahi kusomea kompyuta. Alijifunza kwa mahali. Kuprinti ni pale, kuhifadhi ni pale, faili la mteja liko kona ile. Mkono wake ulijua njia kama mguu unavyojua njia ya kisimani usiku. Watu wa namna hiyo ni wengi mno nchini mwetu, na ndio wanaotuchapia barua zetu za maombi ya kazi.

Sasa angalia kilichofuata. Vista ilikuja na madirisha ya kioo mwaka 2007. Windows 7 ikafuata mwaka 2009, na kile kijivu bado kilikuwemo. Lakini toleo lake la bei nafuu, Starter, lilikuzuia hata kubadili picha ya nyuma! Yaani kompyuta umenunua, picha ya mwanao huruhusiwi kuiweka. Mwaka 2012 Windows 8 ikafuta kijivu na kuondoa kitufe cha Start. Watu wakapiga kelele, kitufe kikarudi mwaka uliofuata. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, kitufe kilikuwa kimehamia katikati na mkanda umepigiliwa chini, hauhamishiki. Mwaka 2025 Apple nao wakaleta mtindo wa kioo kwenye kompyuta zao. Mitindo inarudi kama suruali za bugaluu, ila wanaoamua ni watu wa mbali.

Hivi karibuni nilikuwa Kisarawe kikazi, nikaingia steshenari moja karibu na stendi. Kaka mwenye duka anatumia Windows 7. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hujahamia mpya?"

Akacheka. "Dada yangu, mteja kasimama anasubiri, dirisha la maombi linafungwa usiku, mimi nianze kutafuta kitufe?"

Ana hoja. Lakini Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai vifaa ambavyo mashine nyingi kuukuu hazina. Na kupitia kompyuta ya kaka huyu zinapita namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mikopo ya chuo, nywila za barua pepe za watu. Flashi zinachomekwa na kuchomolewa mchana kutwa. Siku mwizi akiingia, atakayeumia ni yule binti aliyeacha cheti chake cha kidato cha nne pale mezani.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kaka hakatai usalama. Anakataa kupotezewa njia. Kampuni zimefunga vitu viwili katika kifurushi kimoja, ukitaka kufuli jipya lazima ukubali na ukuta uhamishwe.

Lakini vinaweza kutenganishwa. Ipo programu ya bure, Open-Shell, inayorudisha menyu ya zamani juu ya Windows mpya. Ipo Linux Mint yenye MATE, sura iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu walioukataa muonekano mpya wa GNOME, na inakwenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Na sisi wenyewe tuliwahi kuonyesha njia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice. Ndani ilikuwa OpenOffice ileile, usoni Kiswahili. Hatukuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu programu ilikuwa huria.

Nilimweleza kaka hayo yote. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama kitufe kitabaki kushoto na printa yangu itakubali, tuongee."

Hayo ndiyo masharti ya mtu mwenye akili zake. Nyaya na mabomba ya nyumba yabadilishwe kila inapobidi, lakini rangi ya ukuta na mahali pa kitanda aamue anayelala humo.