Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Sisi watu wa pwani tumezoea kupima ukale wa nyumba kwa mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Lodwar, karibu na Mto Turkwel, tulionyeshwa nyumba ndogo ambamo mkoloni alimzuilia Jomo Kenyatta, 1959 hadi 1961. Leo ni turathi ya taifa.

Tukaendelea hadi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992. Tuliswali Adhuhuri katika msikiti wa mabati. Mwenyeji wetu alizaliwa kambini, na wanawe vilevile. Hata hivyo nyumba yake ya udongo ingali ikiitwa ya muda.

Miaka miwili ya Lodwar imehifadhiwa. Ya Kakuma imepita thelathini. Allah awaruzuku makao ya kudumu. Amin.