Kulinganisha Nyuzi

Mtu anunuapo gitaa hudhani kuwa kazi ya kuchagua imekwisha dukani. Kwa gitaa la kawaida dhana hiyo yakaribia ukweli, maana nyuzi zake sita zina desturi ijulikanayo duniani kote: E, A, D, G, B na E, kuanzia uzi mnene mpaka mwembamba. Lakini liko gitaa la namna nyingine, lenye shingo ndefu na sauti nzito, liitwalo gitaa la baritoni. Gitaa hilo halina desturi moja. Mwenye nalo hana budi kuamua mwenyewe nyuzi zake zianzie katika sauti gani. Katika likizo ya mwaka jana niliamua jambo hilo kwa niaba ya mtu mwingine, nikakosea. Na katika insha hii nataka kueleza kosa langu lilikuwa nini.

Mtu huyo ni kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa. Makazi yake ni Nyahanga, kata moja ya mji wa Kahama katika mkoa wa Shinyanga, ndiko tulikozaliwa sote. Babu yetu alikuwa manju, yaani mtungaji na kiongozi wa nyimbo za ngoma, katika siku ambazo Bagika na Bagalu walishindana kwa nyimbo na kwa dawa baada ya mavuno. Manju wa Kisukuma huimba uwanjani, mbele ya ngoma nyingi na watu wengi kuliko ngoma; kwa hiyo sauti yake haina budi kupanda juu ya kelele zote. Kaka yangu alirithi sauti hiyo. Ngoma hakuzirithi; alijifunza gitaa, akazihamishia nyimbo za babu katika nyuzi sita. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi nilipata usingizi usiku mwingi nikisikiliza wito wake wa kwanza, ule unaoanzia juu kabisa kisha ukashuka hatua kwa hatua, nami niliamini kuwa hapana mtu mwingine katika nchi yetu awezaye kuufikia.

Kisha dhahabu ilimwita, kama ilivyowaita vijana wengi wa sehemu zetu. Nchi iliyo kati ya Kahama na Geita ina mawe meupe yaliyobeba dhahabu. Kabla ya kufunguliwa kwa migodi mikubwa, ule wa Geita mwaka wa 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka wa 2001, wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuchimba maduara yao kwa nyundo, tindo na kamba. Kaka yangu alishuka katika maduara kwa miaka kumi na saba. Alipokuwa hayuko chini alikuwa kwenye karasha, jiwe likisagwa mbele yake kuwa unga. Chembe za unga huo ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Huingia mapafuni zisitoke, na makovu yanayofanywa nazo hayana dawa ya kuyaondoa. Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huo silikosisi. Dhahabu aliyoipata ndiyo iliyonisomesha. Ada yangu ya sekondari, na nauli yangu ya kwanza kwenda Dar es Salaam, zilitoka katika unga ule. Sisemi haya kwa kutafuta huruma. Nayasema kwa sababu msomaji hataelewa kosa langu asipojua kwanza deni langu.

Gitaa na mgodi ni majirani wa siku nyingi katika bara letu. Katika miji ya shaba ya Katanga vijana waliotoka vijiji mbalimbali kutafuta kazi walilifanya gitaa kuwa mwenzi wao wa jioni. Mwaka wa 1952, katika mji wa Jadotville ambao sasa huitwa Likasi, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean-Bosco akazinasa nyimbo zake, na wimbo wake uitwao Masanga ukavuma mbali. Bosco aliimba kwa Kiswahili, na alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba likishika nyuzi nene na shahada likicheza juu yake kana kwamba wapigaji ni wawili. Kaka yangu alijifunza mtindo huo kwa mtu aliyejifunza kwa mtu mwingine, kama elimu nyingi njema zipatikanavyo kwetu. Hata leo akupigia kwa vidole hivyo viwili tu.

Sauti yake haikuondoka siku moja. Ilishuka kwanza kidogo, kwa kikohozi cha kiangazi; ikarudi, ikashuka tena, isirudi. Wapigaji wa gitaa wana kibano kidogo kiitwacho kapo, ambacho hufungwa shingoni ili nyimbo zipande bila ya vidole kubadili mwendo wake. Lakini kapo hujua kupanda tu, kushuka hakujui. Basi kaka yangu alianza kulegeza nyuzi. Hapo alikutana na sheria iliyoandikwa na mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka wa 1636: sauti ya uzi hutokana na urefu wake, uzito wake na mkazo wake. Ukiuteremsha uzi kutoka E mpaka B iliyo chini yake kwa kuulegeza tu, mkazo unaobaki ni sehemu 9 katika 16. Ukiuteremsha mpaka A, zabaki sehemu 4 katika 9. Uzi uliolegea kiasi hicho hugonga vichuma vya shingoni, ukalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Kaka yangu hakupata kumsoma Mersenne, lakini alinieleza sheria yake kwa simu kwa maneno machache: "Nikilishusha, linanung'unika."

Dawa ya manung'uniko hayo ni uzi mrefu zaidi na mnene zaidi, na hilo ndilo gitaa la baritoni. Katika gitaa la kawaida sehemu ya uzi itetemayo ina urefu wa inchi 24 na robo tatu, au 25 na nusu. Katika la baritoni hufika inchi 27 mpaka 30. Nilipata moja, lisilo la umeme, kwa mwanamuziki mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiuza vyombo vyake. Uzi wake mwembamba una unene wa elfu 16 za inchi, na uzi wake mnene elfu 70. Aliponikabidhi aliniuliza, "Utalinganisha kwa C, kwa B au kwa A?" Nilimwomba siku mbili za kufikiri.

Tofauti yao ni hii. Katika zote tatu nyuzi hupishana kwa kadiri ile ile ya gitaa la kawaida, hata mahali pa vidole hapabadiliki. Kibadilikacho ni kimo cha jumla. Uzi mwembamba, ambao katika gitaa la kawaida hutoa E yenye mitetemo 330 kwa sekunde, utatoa C yenye mitetemo 262, au B yenye 247, au A yenye 220. Mlingano wa B ndio upendwao zaidi na waundaji. Ule wa C hukaza nyuzi zikawa na sauti ya kung'aa, karibu na gitaa la kawaida. Ule wa A ndio mzito kuliko yote: uzi wake mnene hushuka mpaka mitetemo 55, na ukitumia nyuzi zile zile za B, kila mmoja hupoteza kama sehemu moja katika tano ya mkazo wake.

Nilisoma, nikapima, nikaandika hesabu katika daftari kama mtu aandaaye mhadhara. Mwisho nilichagua C. Nilijiambia kuwa sababu zangu ni za kitaalamu: mkazo mzuri, sauti safi, nyuzi zisizogonga. Sababu ya kweli sikuiandika daftarini. C ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na sauti ya zamani ya kaka yangu, na mimi nilitaka sauti ile irudi.

Nilifika Nyahanga jioni ya mwezi wa saba. Kaka yangu alikuwa ameketi chini ya mwembe. Nilimwamkia, "Mwadila," naye akaitikia kwa sauti ambayo, kama ningalikuwa nimefumba macho, nisingaliijua. Shemeji alileta matobolwa na karanga. Watoto walilizunguka sanduku la gitaa wakidhani ni la nguo. Kaka alilipakata, akalisifu ubao wake, akapitisha gumba juu ya nyuzi, kisha akaanza ule wito wa babu. Mahali pa kuanzia palikuwa uzi mwembamba ulio wazi. Sauti yake ilipanda, ikafika karibu, ikavunjika. Kikohozi kikamshika mpaka shemeji akaleta maji. Alijaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Baada ya hapo aliliweka gitaa magotini, akasema bila ya hasira, "Mdogo wangu, gitaa ni zuri. Ila umelilinganisha kwa mtu ambaye hayupo hapa."

Sikuwa na jibu. Nilimweleza juu ya mkazo na mitetemo. Alinisikiliza kwa adabu ile ile aliyokuwa akinisikilizia nilipokuwa nikimsomea taarifa zangu za shule.

Usiku ule sikulala upesi, nikawa nawaza juu ya jambo nililokuwa nikilifundisha pasipo kulitia moyoni. Upande wa pili wa ziwa, katika nchi ya Bukoba, Wahaya wana nanga, ambayo ni ubao uliochongwa kama kihori, na juu yake uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huku hata ukafanya nyuzi saba au nane. Waimbaji wa nanga ndio waliohifadhi tendi za mashujaa, ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti na kuziandikia. Nimewasomesha wanafunzi tendi hizo kwa miaka mingi, nikishughulika na maneno yake na kusahau chombo. Mpiga nanga hulinganisha uzi kwa uzi, na zote kwa koo lake mwenyewe, maana yeye ndiye atakayesimulia mpaka usiku wa manane. Mwaka wa 1939 wajumbe walikutana London wakakubaliana kuwa A ya kulinganishia vyombo iwe na mitetemo 440 kwa sekunde, na mapatano hayo yana faida kubwa kwa watu wengi wapigao pamoja. Lakini kifua cha mtu mmoja hakikutuma mjumbe katika mkutano ule. Kina kipimo chake, na kipimo hicho hubadilika.

Asubuhi tuliketi tena. Safari hii mimi nilishika vigingi, yeye akaimba bila ya gitaa, polepole, akitafuta mahali ambapo wito ungeanza pasipo kumwumiza. Nikateremsha nyuzi mpaka B. Aliufikia mwanzo, lakini kwa shida, na mishipa ya shingo ikamsimama. Nikateremsha mpaka A. Uzi mnene ulilegea, ukagonga kidogo, na sikio langu la kitaalamu likakunja uso. Kaka yangu aliimba. Wito ulianza chini zaidi kuliko ulivyopata kuanza katika ukoo wetu, ukashuka hatua zake zote, wala haukuvunjika.

Pumzi yake, hata hivyo, haikutosha mstari mzima. Aliukata mstari vipande viwili, na baina ya vipande aliugusa uzi mnene kwa gumba akauacha ulie peke yake mpaka alipopata pumzi ya kuendelea. Uzi mrefu na mzito haunyamazi upesi. Ulishika wimbo mahali alipouachia, ukamrudishia alipokuwa tayari. Katika mlingano wangu wa C hakuwahi kulifanya hilo, kwa sababu nguvu zake zote zilikwisha katika kupanda. Mimi nilikuwa nimemtafutia kimo. Yeye alihitaji mahali pa kupumzika.

Hapo niliona kosa langu. Nilimwita mgonjwa mchana na usiku, nikamnunulia dawa, nikamsihi asikaribie vumbi. Lakini moyoni nilikuwa sijakubali kuwa unga ulionisomesha umeichukua sauti yake. Kulishusha gitaa mpaka A kulikuwa ni kukiri, na kukiri huko kulinigharimu mimi zaidi kuliko yeye. Yeye alikuwa amekwisha kushuka peke yake miaka mingi, akaketi huko, akisubiri mtu wa kumfuata na chombo. Mtu ampendaye mwenzake aghalabu humlinganishia nyuzi kwa kumbukumbu zake mwenyewe, akaona kuwa huo ndio wema. Mpendwa naye hukaza koo ili asimvunje moyo. Ni bora kumsikiliza kwanza, hata kama tutakalolisikia ni chini kuliko tulivyotaka.

Niliporudi Dar es Salaam nilitafuta seti ya nyuzi nene zaidi, zinazoweza kukaa katika A bila ya kugonga. Kahama sikuzipata, na Dar es Salaam ilinichukua wiki tatu. Nimezifunga katika bahasha nikazituma kwa basi. Kaka aliniagiza niongeze uzi mnene mmoja wa akiba. Anasema huo ndio wauchezeao watoto kila atokapo uani, wakiuvuta na kuutegea sikio mpaka unyamaze.