Kadi Mpya na Kadi Kuukuu

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ya kwanza yaeleza udhaifu wetu, na ya pili yatupa dawa yake. Walakini kila dawa ina kipimo, na mtu anayeng'ang'ania mbacha uliokwisha kutoboka pande zote hana tofauti na alalaye chini. Katika insha hii, msomaji wangu, nataka kuzipima methali hizo kwa kitu ambacho wahenga hawakukiona wala hawakukisikia: kadi ya michoro itiwayo ndani ya tarakilishi kwa ajili ya michezo. Najua kwamba wengi wenu mnaipenda michezo hiyo. Najua pia kwamba fedha mnazozitamania kadi hizo si nyingi, na aghalabu zimetoka katika jasho la mtu mwingine.

Yafaa tuanze kwa kufahamu kazi ya kitu chenyewe. Skrini ya kawaida ina vitone vya rangi 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vitone 2,073,600 kwa jumla. Mtu asomaye barua haitaabishi tarakilishi yake, kwa maana ukurasa hukaa palepale. Bali mchezo sharti uende. Ili jicho lione mwendo usiokwama, picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa kila sekunde. Zidisha mwenyewe, nawe utaona kwamba vitone 124,416,000 hupakwa rangi katika sekunde moja. Prosesa ya tarakilishi ni kama mwalimu mmoja hodari awezaye kazi ngumu za kila namna. Lakini kazi hii yataka darasa zima, kila mtoto na hesabu yake ndogo, wote wakiandika kwa wakati mmoja. Darasa hilo ndilo kadi ya michoro. Likichelewa kumaliza hesabu, mchezaji huona mpira ukiruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati.

Kadi mbili nizilinganishazo zimetengenezwa na kampuni moja, Nvidia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993. Ya zamani ni GTX 1060 iliyotoka Julai 2016, ile yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6. Ya mpya ni RTX 4060 iliyotoka Juni 2023. Tarakimu mbili za mwisho katika majina hayo huonyesha daraja, na zile zitanguliazo huonyesha kizazi. Zote mbili basi ni za daraja la kati, wala sikumshindanisha mtoto wa kidato cha kwanza na wa kidato cha nne. Ya zamani naijua kwa kuishi nayo. Niliinunua nilipokuwa mwalimu mgeni kazini, ikanitumikia miaka mingi, na sasa imo katika tarakilishi ya mpwa wangu. Ya mpya niliiazima kwa mwalimu mwenzangu wakati wa likizo. Nikazitia zote mbili kwa zamu katika tarakilishi ileile, mbele ya skrini ileile.

Tazama kwanza maumbile yao. Kipande cha silikoni kilichomo katika kadi ya 2016 kina ukubwa wa milimita za mraba 200, na ndani yake mna transista bilioni 4.4. Kile cha 2023 ni kidogo zaidi, hakifiki milimita za mraba 160, lakini mna transista bilioni 18.9. Hii ndiyo habari ya ajabu kuliko zote, kwamba nyumba imepungua na wenyeji wameongezeka zaidi ya mara nne. Viini vya kufanyia hesabu vilikuwa 1,280, sasa ni 3,072, na kila kimoja hufanya kazi kwa mwendo mkubwa zaidi. Mtu angedhani kwamba mlaji huyo mpya atakula umeme maradufu. Hasha! Kadi ya zamani imepimiwa wati 120, na ya mpya wati 115. Ukicheza saa 2 kila siku kwa siku 30, na kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, ya zamani itakula yuniti 7.2 za umeme na ya mpya 6.9. Tofauti yake haifai hata kuandikwa kwenye daftari la matumizi ya nyumba, ila kazi ifanywayo kwa umeme huo katika michezo mingi mizito imezidi mara mbili.

Hapo shabiki wa kipya atapiga makofi. Naomba asubiri kidogo, kwa maana si kila tarakimu imepanda. Njia ipitishayo habari baina ya kadi na kumbukumbu yake ilikuwa na upana wa biti 192. Katika kadi mpya imebanwa ikawa biti 128. Watengenezaji walifidia upungufu huo kwa kumbukumbu yenye mwendo mkubwa, na kwa kuweka ghala dogo la akiba ndani ya silikoni yenyewe, ili kadi isiende sokoni kila inapotaka chumvi. Kadhalika ile ya zamani huzungumza na ubao mkuu wa tarakilishi kwa mikondo 16, na hii mpya kwa mikondo 8 tu. Katika ubao wa siku hizi hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa kila mkondo una kasi maradufu. Katika ubao wa zamani, kasi hiyo haipatikani. Gigabaiti 8 za kumbukumbu zikijaa, kadi mpya iliyowekwa kwenye ubao mkuukuu huanza kukwama ilhali mwenyewe ametoka kulipa fedha nyingi.

Tena iko ndugu yao wa katikati, RTX 3060, iliyotoka Februari 2021 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Miaka miwili baadaye mdogo wake akaja na gigabaiti 8. Kwa upande wa pili, huyo wa katikati alipimiwa wati 170, naye mdogo hula 115. Ni nani basi aliye bora? Jibu hutegemea lile ulilolihitaji. Vizazi vya vyombo havipandi kama ngazi, kila kidato juu ya kingine. Hupanda kama njia ya mlimani, mahali fulani ikiinuka na mahali fulani ikiteremka. Mtu anunuaye kwa kutazama jina peke yake hana budi kushangazwa na njia hiyo.

Sasa nitakuambia niliyoyaona kwa macho yangu. Nilianza na mchezo wa mpira wa miguu, ambao ndio mpwa wangu na rafiki zake huupenda. Kadi ya zamani ilitoa picha 60 kwa sekunde bila taabu. Kadi mpya iliweza kutoa nyingi zaidi, lakini skrini yetu hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo ziada hiyo haikuonekana. Nilimwita mpwa wangu acheze bila kumwambia ni kadi gani iliyomo, kisha nikabadilisha. Alikisia mara nne, akapata mara mbili, kama mtu anayerusha sarafu. Kisha tulijaribu mchezo mzito wa miaka hii ya karibuni, na hapo hapakuwa na haja ya kukisia. Kadi ya zamani ilihema kama punda aliyepandishwa kilima na mzigo wa magunia. Ya mpya ilipita.

Ziko pia hila ambazo kadi ya zamani haizijui. Kadi mpya ina viini maalumu vya kufuata miali ya nuru, ili kivuli na mng'ao wa maji vikokotolewe kama vilivyo badala ya kupakwa kwa kukisia. Ina pia DLSS, nayo ni ustadi wa kuchora picha ndogo na kuikuza kwa akili ya mashine. Badala ya vitone 2,073,600, kadi yaweza kuchora 921,600 tu, kisha ikakamilisha vilivyobaki. Tena huweza kubuni picha nzima na kuipachika katikati ya mbili zilizochorwa kwa haki. Hila hii ya mwisho itazame kwa uangalifu. Mwendo huonekana laini zaidi, lakini picha iliyobuniwa haikusikia kidole chako kilipobonyeza. Kwa hiyo mchezo ambao ulikuwa mzito mkononi hubaki mzito, ijapokuwa machoni umekuwa mwepesi. Muuzaji atakutajia hesabu ya picha zote pamoja. Wewe muulize ngapi zimechorwa na ngapi zimebuniwa.

Nimefika mahali ambapo mbacha hutoboka. Michezo mingine siku hizi haikubali hata kufunguka pasipo viini vile vya miali. Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, ni mmojawapo. Hapo kadi ya 2016 haishindwi kwa uzee wa miguu, imefungiwa mlango. Tena mnamo Oktoba 2025 kampuni yenyewe ilikoma kuitengenezea kadi hiyo programu mpya za michezo. Iliahidi masahihisho ya usalama peke yake, na hayo hadi Oktoba 2028. Basi asemaye kwamba cha kale ni dhahabu ajue kwamba dhahabu hii imewekewa tarehe.

Mpwa wangu alikuwa na fedha. Baada ya kumaliza shule alifanya kazi ya kuvuta nyaya za umeme kwa fundi mmoja, akaniwekesha mshahara wake kidogo kidogo. Zilipotosha kadi mpya, alinijia na kusema, "Mjomba, nazitaka." Mama yake, ambaye ni dada yangu na muuzaji wa mboga sokoni, alinijia jioni ileile. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, hicho kitu kinafanya nini ambacho kile alicho nacho hakifanyi?" Nilifurahi kuulizwa hivyo, maana wengi wetu huuliza bei na kusahau kuuliza kazi. Fedha zilikuwa za kijana, wala sikuona haki ya kumkataza. Nilimwambia aandike karatasi mbili. Katika ya kwanza ataje michezo anayoicheza kweli, na katika ya pili ile anayotamani tu kwa kuwa wengine wanaicheza.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na michezo mitatu, na yote ilikwenda vema kwa kadi ya zamani. Ya pili ilijaa. Tulitazama pia prosesa yake na ubao wake, tukaona kwamba ni vya zamani, na kwamba kadi mpya humo ingekuwa dereva hodari katika gari bovu. Kozi aliyoichagua ni ya miaka miwili, nayo itakwisha kabla ya Oktoba 2028. Mwenyewe akaamua kwamba kadi ya zamani itamfikisha hapo, na fedha zikaenda katika karo. Nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba hakupoteza kitu. Rafiki zake wakikutana Jumamosi hucheza mchezo ambao tarakilishi yake haiwezi kuufungua, naye hukaa nyuma yao akitazama. Nimemwona usoni, najua kwamba humuuma. Uamuzi ulio sawa hauna sharti la kuwa mtamu.

Lakini wewe, msomaji, si mpwa wangu, na hesabu yako yaweza kutoa jibu jingine. Ikiwa skrini yako hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ikiwa ubao wako ni wa karibuni, na ikiwa michezo uipendayo imo katika ile iliyofungiwa mlango, basi kuing'ang'ania kadi ya 2016 ni ukaidi, si uwekevu. Kumbuka pia kwamba bei zake za kwanza huko Marekani zilikuwa dola 249 mwaka 2016 na dola 299 mwaka 2023, na kwamba dola yenyewe ilipungua thamani katikati ya miaka hiyo. Basi kadi mpya si ya anasa kama watu wasemavyo, ijapokuwa hufika kwetu ikiwa imeongezewa nauli na ushuru.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, iwe kwenye duka la Luthuli Avenue mjini Nairobi au kwa rafiki, usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Kadi nyingi ziliwashwa usiku na mchana kwa kuchimba sarafu ya Ethereum, hata kazi hiyo ilipokoma Septemba 2022 zikamiminwa sokoni. Iwekewe mchezo mzito kwa nusu saa. Sikiliza feni, tazama joto, angalia kama vitone vya ajabu vinatokea kwenye picha. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Naye akichukia, amekwisha kukujibu.

Vitu hivi vitaendelea kutoka, kila kimoja na jina kubwa kuliko lililotangulia, na kadi ninayoiita mpya leo itaitwa kuukuu kabla wengi wenu hamjapata kazi. Kwa hiyo sikukuandikia ujue kadi ya kununua. Nimekuandikia ili siku utakaposhika fedha mkononi, mbele ya kitu kinachong'aa, uwe na swali la dada yangu kinywani: kinafanya nini ambacho kile nilicho nacho hakifanyi? Likipata jibu la kweli, nunua kwa moyo mkunjufu. Lisipopata, rudisha fedha mfukoni, uende zako.