Midomo Ikutane, Meno Yaachane

Sikuwahi kukanyaga Dar es Salaam mpaka taya liliponipeleka. Miaka 43 nimeishi Kondoa, na kazi yangu ni cherehani. Vitambaa nafuatiwa na wengine, mimi nabaki dukani.

Yalianza msimu wa sare za shule. Nikawa naamka na maumivu mbele ya sikio la kushoto, mashavu yamechoka utadhani usiku kucha nilikuwa natafuna miwa. Nikipiga mwayo, taya linalia ta! kama kifungo cha kubana kinapofunguka. Nikatibiwa sikio, nikawekewa matone. Halafu ikaja zamu ya jino: zahanati moja wakaning'oa gego la juu ambalo, kwa nilivyokuja kuambiwa baadaye, halikuwa na kosa lolote. Gego likaenda, maumivu yakabaki.

Siri aliitoa mama mdogo. Tulilala chumba kimoja msibani, asubuhi akaniambia nasaga meno. Kwetu mtoto akisaga meno basi ana minyoo, na mama mdogo hakuona kwa nini mtu mzima awe tofauti. Akaninunulia dawa, nikanywa. Kama minyoo ilikuwepo, iliondoka. Meno yakaendelea kusagana. Mwishowe daktari wa wilaya akanishika mashavu, akaniambia nifunue na kufunga mdomo, akaandika barua ya kunipeleka kwa wataalamu wa taya Dar.

Basi la alfajiri likanifikisha Dodoma, na pale nikapanda treni ya umeme kwa mara ya kwanza, nauli 31,000. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua karatasi ya karanga za kukaanga.

"Karibu, mama."

Kukataa chakula cha mzee ni aibu, na karanga nilikuwa sijazigusa miezi minne. Makande pia nilikwishayaaga. Nilikuwa nakula uji, ugali laini na mlenda. Mlenda ulionilea ukageuka kuwa uuguzi wangu. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazifumbata. Hakuna alichosema, ila kila nikigeuka namwona akiutazama mkono wangu.

Nilijiandaa kwa mtikisiko, kwa kuwa nilikuwa nimezoea basi. Treni ile haitikisiki. Kioo cha juu kilionyesha kilomita 160 kwa saa na maji ya mzee yalikuwa yametulia kwenye chupa. Tukafika kwenye mahandaki ya Kilosa. Dirisha likawa jeusi ghafla, nikaiona sura yangu kwenye kioo, na pale pembeni mwa taya, chini ya sikio, msuli umevimba kama kokwa. Nilikuwa nimeyabana meno kwa nguvu zangu zote. Mchana, macho makavu, mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri! Siku zote nilikuwa nalaumu usingizi.

Daktari wa Dar alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniamkia kabla sijakaa. Alinibonyeza mashavuni na kwenye panja kwa ncha za vidole, polepole, akiuliza "Hapa? Na hapa?" mpaka alipofika mahali machozi yakanitoka. Akachukua rula. Mtu mzima kwa kawaida hufunua mdomo milimita 40 na zaidi. Mimi niliishia 28. Kisha akauliza jambo lililonishangaza:

"Mama, uzi unakata na nini?"

Akanipa kioo. Kwenye jino langu la mbele kulikuwa na kipengo kidogo, kama mahali kisu kilipogusa ubao. Miaka 20 na zaidi ya kukata uzi kwa meno na kushikilia pini mdomoni, na sikuwahi kukiona.

Akanieleza. Kati ya fuvu na taya pana kipande cha gegedu kinachoteleza taya linapofunguka. Kikisogea mbele ya mahali pake halafu kikarudi, ndipo unaposikia ule mlio. Mlio wenyewe si ugonjwa wa kutisha. Kinacholeta maumivu zaidi ni misuli isiyopumzika. Meno, alisema, yana kazi ya dakika chache tu kwa siku: kutafuna na kumeza. Baada ya hapo midomo ikutane, meno yaachane, ulimi ulale juu nyuma ya meno ya mbele.

Mimi nimelelewa kwa neno moja: uma meno. Uchungu wa kuzaa, uma meno. Mume kaondoka, uma meno, watoto wanakutazama. Na leo binti wa kuniamkia ananiambia niyaachie. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu, moyoni sikuwa na hakika.

Nikapigwa muhuri wa meno: kijiko cha chuma kimejaa uji mzito wa rangi ya waridi, kinasukumwa mdomoni na unangoja dakika mbili tatu ugande. Nilitaka kutapika. Akaniambia nipumue kwa pua na nichezeshe vidole vya miguu, ikasaidia. Siku sita baadaye nikapewa kikinga cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Hakitakuzuia kubana, alinionya, kitalinda meno tu. Taulo la moto mashavuni dakika 15, chakula laini, nisilalie tumbo. Hayo mengine ni juu yangu. Nikauliza habari za upasuaji. Wengi hawafiki huko, akasema.

Usiku wa kwanza na kikinga, kwa mpwa wangu Mbagala, sikulala. Mate, joto, na feni inayolia kuliko taya langu.

Kwenye treni ya kurudi nikakumbuka agizo la mwisho: nijiwekee alama mahali nitakapoiona mara kwa mara, kila nikiiona niangalie kama meno yamegusana. Nikatoa kibiringo cha uzi mwekundu mkobani, nikajizungushia kifundo cha mkono wa kushoto mara tatu, nikafunga fundo. Mkasi nilikuwa nimeuacha Kondoa, nikihofia ukaguzi wa stesheni. Nikauinua mkono nikaukata uzi.

Kwa meno.