Uvira: Soko la ndagala ndani ya simu lina faida, lina na mtego

Uvira, Kivu Kusini. Asubuhi, ziwa likiwa limetulia, mama mmoja mchuuzi wa Kalundu anapiga picha ndagala zake kavu kabla hajauza hata kilo moja. Picha anaitia kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na bei. Jua halijapanda sana, wateja wa Kiliba, Sange na Luvungi wameshajibu. Feza zinaingia kwa M-Pesa ao Airtel Money, gunia linapandishwa kwenye gari, na dereva anapewa namba ya mwenye kulipokea.

Wengi wakisikia biashara ya mtandaoni wanawaza Amazon ao Alibaba. Lakini picha ni rahisi, kufikisha mzigo ndiyo kazi. Hata Jumia, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019. Soko la mtandaoni la Uvira ni simu, dereva anayejulikana, na mteja anayetimiza neno lake.

Faida ya kwanza mama huyo anaiona kwenye bei. Zamani alipanda gari na mzigo mpaka Sange bila kujua hali ya soko. Akikuta ndagala zimejaa, anauza kwa hasara, maana mvua ikizigusa zinaharibika. Leo anauliza kwanza. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopata kidogo, anawaambia wateja mapema. Ya pili, hatembei tena na bunda la feza njiani.

Ya tatu aliiona wakati wa vita. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu, na banki za miji hiyo zikafunga milango. Desemba vita vikafika Uvira yenyewe. Maelfu ya wakaaji walivuka kwenda Burundi, naye akiwa kati yao na watoto wake. Meza yake ya sokoni ilibaki. Namba za wateja alienda nazo.

Kule ukimbizini aliona pia mipaka ya simu. Warundi wanatumia Lumicash, yeye ana M-Pesa ya Congo. Kubadilisha kulipitia kwa mtu wa kati, naye anakata chake. Lakini aliporudi nyumbani bila mtaji, wateja wawili wa zamani walimtumia feza za kununua ndagala kabla hawajaona mzigo. Walimkubali kwa sababu kwa miaka mingi kilo yake ilikuwa kilo kweli.

Mtego nao upo. Siku moja mtu asiyemjua aliagiza magunia matatu. Ujumbe ukaingia, umeandikwa kama ule wa malipo. Mama akaachilia mzigo. Jioni alipotaka kutoa feza, akakuta salio ni lile la jana. Ujumbe ulikuwa wa uongo, na namba ya yule mtu haikupatikana tena. Feza hizo zilikuwa za masomo ya watoto.

Tangu siku hiyo ana sheria zake. Haamini ujumbe, anatazama salio lenyewe. Mteja mpya analipa nusu kwanza, nusu nyingine mzigo ukifika, na dereva hauachilii mpaka mama ampigie. Namba ya siri haitaji kwa mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Gharama nazo anazihesabu: megabaiti, makato ya kutoa feza, malipo ya kuchaji simu umeme ukikatika. Akitoa feza kidogo kidogo kila siku, makato yanakula faida, kwa hiyo anangoja zifike za kununua gunia.

Wenzake wenye simu ya tochi hawaoni picha, lakini wanapiga simu kuuliza bei, na M-Pesa inafanya kazi bila intaneti.

Kwa familia zilizo bado ukimbizini, mama huyo ana shauri moja: kila mchuuzi aandike namba za wateja wake kwenye karatasi na aifiche mbali na simu. Yake ameikunja ndani ya kadi ya chanjo ya mtoto wake mdogo, kitu ambacho hawezi kukiacha hata akikimbia usiku.