Mti wa zambarau

Mwanangu ana miaka sita. Mwanzoni mwa Oktoba hii alichora mti wote wa zambarau, bila jani hata moja. Nilikuwa napika huku simu ikiwa mkononi. Niliutupia jicho tu nikasema, "Mti una rangi ya kijani. Chora upya." Akaikunja karatasi. Wiki nzima hakugusa kalamu za rangi.

Jumamosi tukitoka sokoni, hapa Arusha, akanivuta kanga. "Mama, ona!" Juu yetu mjakaranda ulikuwa umechanua kabla ya kutoa majani, na maua yake yametanda barabarani. Njia hiyo naipita kila siku.

Nilimwomba msamaha palepale. Tukaokota maua, tukafika nyumbani tukapika gundi ya unga wa ngano, tukayabandika kwenye boksi la sabuni. Siku ya tatu yakanyauka, yakawa ya kahawia. Hakulia. Alichukua kalamu, akachora mti wake upya pembeni. Huo uko ukutani, haujanyauka.

Mzazi mwenzangu, mtoto akichora kitu usichokielewa, muulize kwanza amekiona wapi.