MiG Isiyo na Pangaboi

Watoto wa Ufipa wa rika langu tulijifunza kuunda ndege kwa mabua. Mahindi yakishavunwa, mashamba kuanzia Sumbawanga mjini hadi Laela hubaki na mabua makavu yasiyo na mwenyewe. Unachagua bua nene, unalichuna ganda, unabaki na moyo mweupe, mwepesi, unaokatika bila kupasuka. Ganda hulitupi. Ukilichana vijiti vyenye ncha, hivyo ndivyo misumari yako. Kwa vijiti hivyo tuliunga bawa na kiwiliwili, kiwiliwili na mkia, na puani tukachomeka pangaboi lililozunguka ukikimbia kuukabili upepo. Na upepo wa Juni huko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, haukosekani.

Ndege tulizoziona kwa macho zilikuwa zile ndogo zilizotua kwenye uwanja wa udongo wa Sumbawanga, na zote zilikuwa na pangaboi. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera na ndege zake zikaishambulia Bukoba, kilichotufikia sisi kilikuwa jina tu: MiG. Redio ilitamka, wakubwa wakarudia, tukaunda. MiG zetu zote zilikuwa na pangaboi.

Machi 1979 ikaja habari ya Mwanza. Tupolev Tu-22, ndege kubwa ya mabomu ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin, ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa cha hifadhi katika Ziwa Victoria, yakaua swala. Baada ya hapo kila mtoto wa mtaani kwetu alitaka ndege kubwa. Tulirefusha mabawa mpaka mabua yakashindwa kujibeba.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili mwaka huohuo. Baba mdogo, aliyekuwa ameondoka na wanamgambo, alirudi nyumbani akiwa amekonda na mpole kuliko alivyoondoka. Nikamwamkia, nikampelekea MiG yangu. Aliigeuzageuza, kisha akalichomoa pangaboi taratibu.

"Hii haina pangaboi, mwanangu."

"Sasa baba mdogo, inavutwa na nini?"

"Haivutwi. Inameza hewa kwa mdomo, inatema moto nyuma. Inasukumwa."

Akaokota kijiti, akachora chini: bomba lenye mdomo wazi, koni ndani ya mdomo, mabawa ya pembetatu. Hakuchora kwa kubahatisha. Alikuwa ameiona ikipita juu ya kichwa chake. Tangu hapo nilitaka kuunda ndege kwa maelezo ya mtu aliyeiona.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufunga mikanda. Tulikuwa tumehamia kwenye waya na makopo, lakini makopo nayo yakawa yanagombewa kwa ajili ya koroboi, tukarudi kwenye mabua.

Ndege za kuunda za plastiki nilizikuta Uingereza, nilipokwenda masomoni mwaka 1996. Nchi ile ina mazoea ya zamani na kazi hii. Spitfire ya plastiki, mfano wa ndege ya kivita ya Waingereza, ilianza kuuzwa na kampuni ya Airfix miaka ya 1950. Nilinunua boksi la MiG-21 ya kipimo cha 1/72, maana yake kila sentimita ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mabawa ya mita 7 na sentimita 15 yanakuwa karibu sentimita 10 tu, yanatosha kiganjani. Nilipofungua boksi nilitafuta pua kwanza. Koni ilikuwepo, palepale baba mdogo alipoichora.

Kubandika vipande ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi ni kuufuta mshono kwa puti na msasa wa maji mpaka kidole kisiuhisi. Kupaka chumba cha rubani ile rangi ya buluu-kijani waliyoipenda Wasovieti. Kuyeyusha rangi nyeusi ya mafuta iwe maji, uiache itambae kwenye mifereji ya mabati na kukaa humo. Halafu unakuja uchafu, na hapa sikubaliani na wanaoiga ndege za Ulaya kwa kila kitu. MiG za Tanzania, zilizoruka kutoka viwanja vyetu, hazikuchafuka kwa matope ya kijivu. Mimi nasaga tofali la kuchoma, nachuja unga wake kwa kitambaa, napaka kwenye matairi na chini ya tumbo.

Baadaye nikageukia ndege za karibu zaidi na kwetu. Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji, wakitumia ndege za majini aina ya Short 827 walizopata kwa Waingereza, waliruka kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwenda kuipiga Kigoma na meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo Julai. Iliibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba, ileile iliyotia nanga Kasanga, bandari ya Wafipa, miaka nenda miaka rudi. Short nimeiunda bila boksi. Mabawa yake, mita 16 na ushei, yamekuwa sentimita 23 za vijiti na karatasi, nyaya zake ni uzi. Ndege ile ilikuwa ya mbao na kitambaa, na mkono uliozoea bua haukuhitaji kufundishwa upya: ulijua kijiti kinabeba nini na kitavunjikia wapi.

Ile MiG-21 ya boksi, ninayotaka iwe ya Tanzania, bado haina alama. Stika zilizokuja na boksi ni za nchi nyingine, na mimi sipaki alama ambayo sijaiona kwenye picha ya wakati ule. Baba mdogo amekwisha kufariki. Waliokuwa vijana mwaka 1978 sasa ni wazee. Kama kwenu yupo aliyehudumu katika ndege zetu wakati huo, fundi, rubani, hata mlinzi wa uwanja, mwombe akufungulie albamu, kisha umuulize mambo madogo: mkia ulikuwa na rangi gani, namba ziliandikwa wapi, vumbi lilishika sehemu ipi. Andika majibu yake leo, kwa jina lake na tarehe.